Kanisa Halina Kadi ya Chama, Lakini Lina Neno kwa Anayehesabu Kura

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwenye kikao cha vijana wa chama, Kwaresima ya 2025. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimepunguza tu vicheko na pale nilipojirudiarudia.)

   

Mada niliyopewa na katibu inasema hivi: "Mkatoliki apigie kura chama gani?" Nilipoisoma nikacheka kidogo, maana najua katibu alitaka nije niseme jina la chama chetu halafu nikae. Sitalisema. Na nikimaliza nadhani mtaelewa kwamba nimekisaidia chama zaidi kwa kutolisema.

Ndugu zangu Waislamu, Walutheri, Walokole mliopo humu, msinikimbie. Sikuja kuhubiri. Wakatoliki ni wengi kwenye Daftari la wapiga kura, ni wengi humu ndani, na kila uchaguzi ukikaribia kuna mtu anawashika shati kwa jina la Kanisa. Huku anaambiwa "Kanisa limesema tuiondoe serikali". Kule anaambiwa "Kanisa linasema tii mamlaka, nyamaza". Inabidi tujue Kanisa limesema nini hasa.

Mimi si mtawa wala mwanateolojia. Ni mwanafunzi wa sheria, kwa hiyo nyaraka za Kanisa nazisoma kama ninavyosoma sheria yoyote: nani kasema, kifungu gani, kinambana nani, na kinaishia wapi.

Tuanzie Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1965 Mtaguso ulitoa hati ambayo kwa Kilatini inaitwa Gaudium et Spes, yaani Furaha na Matumaini. Namba 75 inawakumbusha raia kwamba kupiga kura kwa uhuru, kwa ajili ya manufaa ya wote, ni haki yao na ni wajibu wao. Namba 76 inasema Kanisa halifungamani na mfumo wowote wa siasa. Na namba 43 inagusa ugomvi wetu wa kwenye magrupu ya WhatsApp: waamini wawili wenye nia njema wanaweza kuliangalia jambo lile lile la kijamii wakafika kwenye majibu tofauti, na hakuna hata mmoja mwenye ruhusa ya kuchukua mamlaka ya Kanisa akayafanya mali ya upande wake.

Hilo la mwisho limeingizwa hadi kwenye sheria. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 227. Nawaomba mkaisome, ni fupi. Inawapa walei uhuru ule ule ambao raia wengine wote wanao katika mambo ya nchi. Halafu inawabana sehemu mbili: wauchukue uhuru huo wakiwa na roho ya Injili na wakiyasikiliza mafundisho ya Kanisa, na wasiyauze maoni yao binafsi kama mafundisho ya Kanisa pale ambapo jambo lenyewe ni la maoni. Yaani mimi, Mkatoliki mwenye kadi ya chama, nina haki kabisa ya kusimama hapa na kusema chama changu kina sera bora ya ardhi. Sina haki ya kusema "Mkatoliki wa kweli lazima awe na kadi hii". Nikisema hivyo nimevunja sheria ya Kanisa langu mwenyewe. Na shangazi yangu ambaye ana kadi ya kijani tangu kabla sijazaliwa, na anayepokea Ekaristi kila Jumapili, naye ana uhuru ule ule. Tunabishana naye sana, lakini hatubishani kama nani ni Mkatoliki.

Sasa kwa nini nalikazia hili kwenye kikao cha upinzani? Kwa sababu sisi tunaijua gharama yake. Mwaka 2010 upinzani ulimsimamisha Dkt. Willibrod Slaa kugombea urais. Alikuwa padri, aliwahi kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, TEC. Alipata zaidi ya robo ya kura. Mimi nilikuwa mtoto, lakini wakubwa mnakumbuka maneno: chama cha Wakatoliki, chama cha mapadri. Mwaka mmoja kabla kulikuwa na ule waraka wa Kanisa Katoliki wa kuwaandaa waamini kwa uchaguzi, uliozua mjadala mkali mpaka bungeni. Chama kingine cha upinzani nacho kwa miaka mingi kiliitwa chama cha Waislamu. Watu wale wale, wakati wote, wamekuwa wakifaidika na upinzani kugawanywa kati ya msikiti na kanisa. Na Katiba yenyewe, ibara ya 20(2), inakataza kusajiliwa kwa chama kinachokusudia kukuza maslahi ya imani ya dini fulani. Sisi wenyewe tukianza kuweka misalaba kwenye mabango, tunawakabidhi wapinzani wetu kamba na kuwaonyesha shingo ilipo.

Niliyaona haya kwa macho yangu Agosti 2023. TEC walitoa tamko kuhusu mkataba wa bandari na Dubai, likasomwa makanisani Jumapili ya tarehe 20. Lilikuwa tamko zito na mimi binafsi nilikubaliana nalo. Lakini kabla jioni haijafika, vijana wetu walishalipamba: nembo ya chama juu, picha za maaskofu chini. Rafiki yangu mmoja Mwislamu, kamanda wa kweli, ambaye alikuwa anaupinga mkataba ule tangu Juni na alishavisoma vifungu vyake kuliko mimi, alinitumia lile bango akaniuliza, "Hivi hii vita imeshakuwa yenu?" Sikuwa na jibu la haraka. Hoja za mkataba ule zilikuwa za muda wake, za namna ya kujitoa, za nani ataamua mgogoro ukitokea. Ni hoja zilizokuwa zimeshapelekwa Mahakama Kuu Mbeya na wananchi, na mahakama ikazitupa tarehe 10 Agosti, siku kumi kabla maaskofu hawajasikika makanisani. Zilikuwa hoja za Mtanzania yeyote. Sisi tulipozivalisha kofia ya askofu, tukampa mtu mwingine nafasi ya kusema ni udini, na asiguse hata kifungu kimoja.

Mtaniuliza, kwa hiyo maaskofu wanyamaze? Hapana! Na hapa nageukia upande wa pili, wa wale wanaosema mapadri waache siasa.

Kanuni ya 285 inawakataza makleri kushika vyeo vya utawala wa serikali. Kanuni ya 287 inawakataza kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa, isipokuwa mamlaka ya Kanisa ikiona kulinda haki za Kanisa au manufaa ya wote vinadai hivyo. Paroko wako hatakiwi kuwa kampeni meneja, hata wa kwetu. Lakini soma pia kanuni hiyo hiyo ya 287 sehemu ya kwanza: inawaagiza makleri wakuze amani na maelewano yenye msingi wa haki. Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake wa kwanza, aliandika kwamba Kanisa halitakiwi kuchukua nafasi ya dola, na akaongeza kwamba haliwezi kukaa pembeni pale haki inapopiganiwa. Kwa hiyo askofu kusema kwamba mikutano ya hadhara kuzuiwa ni kuwanyima watu haki yao, kama maaskofu wetu walivyogusia kwenye ujumbe wa Kwaresima wa 2018, hajaingia kwenye chama. Yuko kazini kwake.

Na ile Warumi 13 ambayo tunasomewa kila tukivaa fulana? Paulo anafundisha kutii mamlaka, ni kweli. Katekisimu nayo inafundisha hivyo namba 2240. Lakini msomaji anayeishia namba 2240 asifikie 2242 ni kama wakili anayesoma kifungu akaruka masharti yake. Namba 2242 inasema raia anabanwa na dhamiri yake kutofuata maagizo ya wenye mamlaka yakipingana na maadili, na haki za msingi za watu, au na Injili. Mitume wenyewe walipokatazwa na baraza kuhubiri walijibu wazi kwamba Mungu hutiiwa kabla ya wanadamu. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniambia Jumamosi moja, baada ya rozari, "Mwanangu, siasa zako ziache getini." Nikamwambia, mama, kadi nitaiacha getini, lakini bei ya mbolea na dawa zinazokosekana zahanati tumeziombea sasa hivi humu ndani kwenye nia zetu. Akacheka. Shikamoo yangu aliipokea, lakini hakukubali, na ana haki yake.

Suala la wanasiasa na michango kanisani nalipitia haraka. Novemba 2024 kule Nairobi, Rais Ruto alitoa mamilioni kwenye parokia moja ya Soweto, na kesho yake Askofu Mkuu Anyolo akatangaza kwamba fedha zirudishwe. Tulishangilia sana hapa. Sawa. Basi na sisi diwani wetu akialikwa kuwa mgeni rasmi wa harambee asiende na fulana ya chama na kipaza sauti.

Sasa lile lililonifanya nikubali mwaliko huu. Oktoba 2025 ni uchaguzi mkuu, na humu ndani tumegawanyika: twende au tusiende? Kijana mmoja wa VIWAWA aliniuliza, "Dada, chama kikisema tusishiriki, mimi nitakuwa natenda dhambi?" Ni swali zito, maana Katekisimu, namba ile ile ya 2240, inaitaja kura pamoja na kodi na kuilinda nchi kama wajibu wa kimaadili.

Nilichoweza kukisoma ni hiki. Maadili ya Kikatoliki yana amri za aina mbili. Kuna zile za "usi-": usiue, usiibe, usishuhudie uongo. Hizo zinabana kila saa, kila mahali, hakuna mazingira yanayozifungua. Na kuna zile za "fanya": saidia, lipa, shiriki. Hizo nazo zinabana kweli, lakini namna na wakati wake vinapimwa. Kupiga kura iko kwenye kundi la pili. Na Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, namba 46, anaeleza kwa nini Kanisa linauthamini mfumo wa demokrasia: kwa kuwa unawashirikisha raia, unawapa uwezo wa kuwachagua viongozi na kuwawajibisha, na kuwabadilisha kwa amani pale inapofaa. Kura ina thamani kwa sababu inafanya kazi hiyo. Kama mtu, baada ya kupima, anaona zoezi lililopo haliwezi kabisa kuifanya, anaweza kwa dhamiri nyofu akafikia uamuzi wa kutoshiriki.

Na msidhani Kanisa halijawahi kususia. Kuanzia 1868 Roma iliwaambia Wakatoliki wa Italia kwamba haifai kushiriki uchaguzi wa Bunge la ufalme mpya, uliokuwa umeyachukua maeneo ya Papa na miaka miwili baadaye ukaichukua Roma yenyewe. Zuio lilikuja kulegezwa na Papa Pius wa Kumi, likaondolewa kabisa mwaka 1919. Wale mnaotaka kususia, naona mmefurahi. Subirini. Kwa karibu miaka hamsini sheria za Italia ziliandikwa na watu wengine, na mwisho wa yote Kanisa lenyewe ndilo lililogeuka. Hapa kwetu 2019 upinzani ulijitoa uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea kuenguliwa kwa wingi. Novemba 2024 tukashiriki, na matokeo yakatangazwa kwamba chama tawala kimechukua takriban asilimia 99 ya mitaa. Tumejaribu yote mawili. Kwa hiyo anayewaambia kwamba jibu ni jepesi, upande wowote, hajakaa akapima.

Msimamo wangu mimi: jiandikisheni. Ukiwa na kadi unaweza kuamua kutoitumia. Usipokuwa nayo hujaamua chochote. Na kutoshiriki kwa sababu ya uvivu, au kwa sababu ya kulala, hakuna mafundisho ya Kanisa yanayokulinda. Anayesusia anatakiwa awe na kazi nyingine anayoifanya kwa ajili ya haki hiyo hiyo: kesi mahakamani, elimu ya uraia, kuweka kumbukumbu. Na kamanda atakayeamua kupiga kura wakati wengine hawapigi asiitwe msaliti. Dhamiri yake nayo inahesabika.

Lakini kuna eneo ambalo Kanisa halitoi nafasi ya kupima, na hili ndilo silisikii likihubiriwa popote, wala parokiani wala kwenye mikutano yetu. Wizi wa kura. Siku ya uchaguzi, kwenye kila kituo kuna msimamizi wa kituo, kuna karani, kuna askari, kuna mawakala. Wengi ni walimu na watumishi. Ni watu wanaoimba kwaya, wenyeviti wa jumuiya, wazazi wa ubatizo wa watoto wetu. Kura ikiingizwa isiyopigwa na mtu, kuna mkono umeiingiza, na mara nyingine mkono huo ulipokea majivu Jumatano ile ile na wewe. Hiyo si amri ya "fanya" ambayo tunaweza kubishana wakati wake. Ni usiibe na usishuhudie uongo kwa pamoja. Fomu ya matokeo yenye namba unayojua si ya kweli, ukiisaini, umetoa ushahidi wa uongo kwa maandishi. Kusema "niliagizwa na mkubwa" hakukutoi. Ndicho hasa namba 2242 inachozungumzia.

Kwa sheria zetu jambo hili lina uzito wa ajabu. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema mgombea urais akishatangazwa na Tume kwamba amechaguliwa, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika, iliyo hapa hapa Arusha, ilisema mwaka 2020 kwamba zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Ibara bado ipo. Kwa kura ya urais, basi, yule mwalimu na ile fomu, saa mbili usiku, taa ya chemli, ndio mahakama ya mwisho tuliyonayo.

Maaskofu wa Kongo walilielewa hili. Uchaguzi wa Desemba 2018 hawakuwaambia waamini wampigie nani. Walipeleka waangalizi 40,000 vituoni wakahesabu. Januari 3 wakasema takwimu walizokusanya zinaonyesha mshindi yuko wazi, hawakumtaja jina. Tume ilipotangaza, wakasema matokeo yale hayalingani na yao. Rais aliyetangazwa aliapishwa, najua. Lakini hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba hawakuwa na namba.

Na hili linatuhusu sisi kwanza. Chaguzi za ndani za vyama, pamoja na chetu, zina maneno ya bahasha. Mjumbe aliyeuza kura yake ya maoni kwa nauli na chakula, halafu Oktoba anapiga kelele ameibiwa, sijui atamwambia nini padri kwenye kitubio.

Wakati wa maswali kaka mmoja alisimama mwishoni. Alisema yeye ni mwalimu, si mwanachama wetu, alikuja na mdogo wake. Aliwahi kusimamia kituo. Aliuliza: "Nikikataa kusaini wakanihamishia kijijini kusiko na barabara, familia yangu Kanisa litailisha?" Ukumbi ulinyamaza. Nilimwambia kwamba siwezi kumwahidi kwa niaba ya Kanisa, kwa kanuni ile ile ya 227. Nilimwambia pia kwamba sheria inawaruhusu mawakala kuwepo wakati wa kuhesabu, kwamba asikubali waondolewe, kwa sababu akiwa na mashahidi hatakuwa peke yake, na kwamba kama chama tunatakiwa kuwa na wakala kwenye kila kituo na wakili anayepokea simu usiku huo, kwa ajili ya watu kama yeye hata kama si wetu. Katibu aliandika. Tumeanza na kata tatu, na tunatafuta wanafunzi wa sheria wa mwaka wa tatu na wa nne watakaokuwa tayari kukaa na simu mpaka asubuhi. Kama ni wewe, mwone katibu wa vijana wa kata yako.